Kiatu Kwenye Foleni ya Malori

Sista Pilipili alikuwa mkunga wa zahanati ya mtaa, na jina hilo hakupewa kwa kupenda viungo. Alipewa kwa ajili ya ulimi wake. Lakini hata ulimi huchoka, na mwaka huo ulichoshwa na jambo moja tu: malori.

Zahanati ilikuwa jirani na geti la kiwanda cha saruji. Malori yaliyokuja kupakia mifuko yalipanga foleni tangu alfajiri, bampa kwa bampa, yakaziba mlango wa zahanati na barabara yote mpaka kule kona ya shule. Mtu mzima mwenye afya alipita kwa kujipenyeza ubavu ubavu. Mgonjwa wa kubebwa je? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Miezi michache nyuma, mama mmoja fundi cherehani alipitishwa katikati ya magurudumu akiwa juu ya kiti, damu inamtoka, na gari lililokuja kumchukua limekwama huko kona. Mama alipona. Mtoto hakupona. Sista Pilipili ndiye aliyemfunika yule mtoto, na tangu siku hiyo akiona lori tu, roho inamchafuka.

Tena si kwamba madereva walikuwa wabaya. Utaratibu wa kiwanda ndio uliokuwa wa ajabu: lori likitoka kwenye foleni, hata kwa kupisha tu, zamu yake imekufa. Linarudi mkiani, na dereva wake analala njiani. Nani akubali? Kiwanja kilikuwepo, nyuma ya shule, kikubwa, kikavu, wapangaji wake ni mbuzi tu. Malori yote yangeenea pale na nafasi ikabaki. Lakini wapi! Foleni ilitaka lori lenyewe lisimame pale pale kwa matairi yake.

Akaenda kiwandani kulisema hilo. Mlinzi wa getini akamwambia bila miadi haingii mtu. Akaomba miadi, akaambiwa asubiri zamu yake, atapigiwa simu. Simu haikulia. Akarudi tena na tena, jibu ni lile lile. Akaenda halmashauri, nao wakasema barabara ni yao ila malori ni ya kiwanda. Kiwanda kikasema malori si yake, ni ya wateja. Wateja wakasema wao wanafuata utaratibu wa kiwanda. Mwenyekiti wa mtaa akasema wananchi wako tayari kabisa kushirikiana, mradi aanze mwingine. Walimpiga danadana mpaka akahisi yeye ndiye mpira.

Mwisho wa yote ikaundwa kamati. Kamati ya Uwajibikaji wa Pamoja, jina refu kuliko kazi yake. Iliongozwa na afisa mahusiano wa kiwanda, kijana mtanashati ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Tabasamu. Kila kikao Sista Pilipili alinyoosha mkono, akasema malori. Na kila kikao Bwana Tabasamu alitikisa kichwa kwa heshima zote, akasema hiyo ni hoja nzito, kisha akauliza zahanati inahitaji nini kingine. Basi wakapaka ukuta rangi. Wakapanda miche, ikafa kwa vumbi la saruji. Halmashauri ikaleta mapipa ya taka, wananchi wakatoa nguvu kazi, kila mmoja akapigwa picha na mchango wake, na malori hayakusogea hata hatua moja. Sista Pilipili alikuwa akifika nyumbani anamfokea mumewe kwa makosa ya kamati. Mume naye, maskini wa Mungu, alizoea kujibu "hoja nzito hiyo," mpaka siku moja nusura arushiwe mwiko.

Kisha kiwanda kikatangaza zawadi kubwa kuliko zote: gari la wagonjwa, jipya, linang'aa.

"Litapita wapi?" Sista Pilipili akauliza kikaoni.

Watu wakacheka. Walidhani ni zile pilipili zake.

Siku ya makabidhiano hema likasimamishwa uani mwa zahanati. Gari, lililoingizwa Jumapili malori yakiwa hayapo, lilikuwa limefungwa utepe mwekundu, na funguo zake zimelazwa juu ya sinia lililotandikwa kitambaa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mgeni rasmi. Yeye alikuwa njiani. Amekwama kwenye foleni ya malori. Sista Pilipili aliposikia hilo hakujua acheke au alie, akaishia kusonya.

Mdogo wake alikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa hemani. Mimba yake ilikuwa imefika ukingoni, na kwa kuwa wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, ilikuwa imeamuliwa huyu naye azaliwe hospitali kubwa. Alikuja tu kuona gari la dada yake. Ghafla akajishika tumbo, akainama, na aliponyanyuliwa kiti kilikuwa kimelowa damu. Sista Pilipili aliiona damu ile akamwona na yule mtoto wa fundi cherehani.

Alimwendea Bwana Tabasamu akataka funguo. Bwana Tabasamu akamnong'oneza kwamba mgeni rasmi yuko karibu sana, avumilie kidogo tu. Alizichukua funguo kwenye sinia mbele za watu wote, akatoa mkasi mfukoni, akaukata ule utepe kama anayekata kitovu. Mdogo wake akapakiwa, gari likawashwa, likafika mlangoni. Likasimama. Mbele yake kulikuwa na lori.

Dereva wa lori, mtu mzima waliyemwita Baba Breki, alishuka akaja na uso wa huruma. Huruma ya kweli, ndiyo iliyomuudhi Sista zaidi.

"Dada, nikitoka hapa zamu yangu imekufa," akasema. "Nimelala hapa. Na hawa walio nyuma yangu pia."

Sista Pilipili alimtazama, halafu akatazama bomba la maji lililo ubavuni mwa zahanati, ambako kama kawaida ndoo zilikuwa zimepangwa mstari, nyingine hazina hata mtu. Akavua kiatu chake cheupe cha kazini, akakibamiza chini mbele ya tairi la lori.

"Hiyo ni zamu," akasema. "Bombani ndoo inashika nafasi ya mwenyewe, na haipitwi. Vua chako ukiweke nyuma ya changu, upeleke lori kiwanjani."

"Mlinzi akikataa?"

Mlinzi alikuwa ameshatoka kwenye kibanda chake. Alitazama kile kiatu, akatazama simu ya ofisini iliyokuwa mkononi mwake, na barabara nzima ikamtazama yeye.

"Mke wangu anajifungua mwezi ujao," akasema. "Wekeni."

Habari ikapita kutoka lori hadi lori mpaka mkiani. Walio nyuma wakaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kiwanjani, mmoja baada ya mwingine, na kila dereva akakimbia kuleta kiatu: ndala, buti, raba isiyo na kamba. Wanawake wa bombani wakajipanga kuvilinda. Kati yao, yule fundi cherehani alisimama kwenye kile cha kwanza, mikono kifuani. Barabara ikafunguka na gari likapita.

Mtoto alitolewa akiwa hai, wa kike, na mama yake naye akapona. Sista Pilipili alilia kwenye benchi la hospitali, mguu mmoja peku, na hata katika kulia kule alikuwa na hasira. Miezi yote ile ya vikao! Bwana Tabasamu akapiga simu kuuliza kama gari linaweza kurudi mara moja, kwani mgeni rasmi amefika na utepe mwingine umepatikana.

"Gari liko kazini," akamwambia, akakata.

Alirudi jioni. Hema lilikuwa limebomolewa, barabara iko wazi, viatu vimesogezwa mpaka getini. Lakini hakuna lori lililokuwa likipakia. Baba Breki na wenzake walikuwa wamekaa ukingoni, wametulia. Mbele kabisa ya mstari, miguuni pa fundi cherehani, kilikuwa kiatu cheupe cha Sista Pilipili.

"Waliokuwa mbele yako wameshapakia wote," mlinzi akamweleza. "Sasa ni wewe, Sista."

"Mimi? Mimi nina lori?"

"Kiatu hakipitwi, ulisema mwenyewe. Tunakusubiri tangu mchana." Akashusha sauti, akaelekeza kidole kwenye dirisha la juu la kiwanda. "Mkurugenzi ameshapiga simu kuuliza foleni imesimama kwa ajili ya nani. Nimemwambia anakuja."

Bwana Tabasamu alitokea mbio, tabasamu halipo, akauliza kama ana miadi. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mlinzi alikuwa ameshaanza kulisukuma geti, lote, kama linavyofunguliwa kwa lori. Sista Pilipili akavaa kiatu chake, akamshika mkono fundi cherehani, wakaingia.