Mafuta ya Cherehani

Kosa lenyewe lilikuwa la kishonaji hasa. Mtu aliyekaa na cherehani maisha yake yote anajua jambo moja kuhusu mashine: ikigoma, ipe mafuta. Basi Mzee Sindano, fundi nguo wa mtaa mzima, alipoitoa stoo mashine ya kukata nyasi ya marehemu mkewe na kukuta tangi limekauka, alichukua kopo la mafuta ya cherehani, yale meupe yasiyochafua kitambaa, akalimimina lote. Kisha akavuta kamba. Akavuta tena, akavuta mpaka bega likamwambia yatosha. Mashine haikutoa hata kikohozi.

Kuuliza si ujinga, jamani, lakini mzee huyu na kuuliza hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Nyasi zenyewe zilikuwa za mkewe. Yeye ndiye aliyezipanda uani, akazimwagilia, akazikata kila Jumamosi huku mumewe yuko barazani anapiga pindo. Tangu azikwe hakuna aliyezigusa, na sasa zilikuwa zinafika magotini.

Mama Pacha, jirani wa upande wa pili wa ukuta, aliyashuhudia yote akiwa anaanika nguo. Alicheka mpaka akashika ukuta, akauliza kama fundi anataka kuzishonea nyasi suruali. Akamweleza kwamba ile mashine hunywa petroli, mzee wangu, petroli. Halafu, bila kuomba ruhusa ya mtu, akamtumia ujumbe mtoto wa mzee aliyeko ng'ambo, anakotengeneza jenereta.

Na hapo ndipo penye kidonda. Enzi za mama, kijana akipiga simu, fungu la baba lilikuwa dogo: hujambo, sijambo, huko kwema, kwema, haya mpe mama. Mama ndiye aliyekuwa na maneno. Atazunguka uani na simu sikioni, atacheka, atagomba, atauliza umekula nini. Kisha maradhi yakamchukua upesi. Kijana alikuwa anasubiri vibali vyake vya kuishi huko. Angetoka, asingerudi tena. Baba mtu mwenyewe ndiye aliyemwambia asije, mazishi watayamaliza huku huku. Kijana akatii. Simu hazikukoma baada ya hapo, lakini zilikuwa tupu, wanaume wawili wa hujambo na sijambo. Mzee hakutaka fedha, wala hakuthubutu kumtaka mtoto arudi. Alichokitamani, na alikitamani mpaka usingizi ukamkimbia, ni kijana huyo akae kwenye simu aseme naye kama alivyokuwa akisema na mama yake.

Basi simu ikaita, tena ya video. Mzee akaiegemeza kwenye ndoo aliyoipindua kifudifudi. Akauona uso wa mwanawe, una ndevu ambazo yeye baba hakupewa taarifa zake.

"Baba, umetia mafuta gani?"

"Ya cherehani."

Kijana akauma mdomo, akatazama pembeni. Aliporudisha uso alikuwa fundi. Akamwagiza baba yake amwage tangi lote kwenye beseni, alisuuze kwa petroli kidogo, aimwage nayo. Petroli ilitoka kwa Mama Pacha, aliyeichota kwenye pikipiki ya mumewe na kuipitisha juu ya ukuta ndani ya chupa, pamoja na spana na maneno mawili matatu ya kejeli. Plagi ikafunguliwa, ikatoka imelowa chepechepe. Mzee akaifuta kwa vipande vya kitambaa, vitu asivyovikosa. Ilipofika zamu ya kabureta, kijana akasema kuna tundu dogo sana humo ndani limeziba, atafute kitu chembamba alizibue, ila pole pole asije akalipanua.

Mzee akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake.

"Mwanangu, hata sindano utanifundisha?"

Kijana akacheka. Kicheko kilikuwa cha mama yake, kile kile kinachoanzia puani, na mzee akainama haraka juu ya kabureta akajifanya kulitafuta tundu alilokwisha kuliona. Hawakuwa wamekaa pamoja hivi tangu kijana aondoke nyumbani.

Tangu hapo, tusifichane, mzee alianza kuvuta muda. Plagi iliyokwisha kung'aa aliifuta upya. Alidai haioni spana, na spana iko chini ya goti lake. Alijua fika anachokifanya: mashine ikipona, simu nayo imekwisha. Hata alipokwisha kurudisha kila kitu mahali pake na kutia ile petroli kidogo iliyobaki, aliivuta kamba kivivu, ikarudi bila kuamsha kitu.

"Baba, vuta kwa nguvu. Unavuta kama unaogopa kukata uzi."

Akavuta vile vile. Kijana akatazama saa, akasema kwa upole kwamba mapumziko yake yanakwisha na msimamizi wao si mtu wa mchezo. Mzee akaona haya. Mtoto wa watu yuko kazini, naye anamfanyia utoto. Akapiga moyo konde, akaubana kwenye kishikio ule mkono wa chuma ambao ukiachiwa mashine huzima, akavuta.

Mashine ikanguruma. Ikatema moshi mweupe uani kote, na Mama Pacha akasikika akilalamikia nguo zake. Mzee akageukia ndoo ili aagwe. Akakuta mdomo wa kijana unacheza. Hakuwa anaaga. Alikuwa anasema, tena anasema mengi, ametazama chini, na katikati akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaendelea.

Mzee akauachia ule mkono wa chuma. Mashine ikazima.

"Umesemaje?"

"Nimesema... usiwe unajaza petroli sana."

Mzee akamtazama. Petroli haijawahi kumliza mtu. Angeweza kumbana, na kijana angerudi kwenye kwema na haya. Lakini yeye mwenyewe, tangu mazishi, huzungumza na mkewe mguu ukiwa kwenye pedali, cherehani ikipiga kelele ili wateja wasisikie. Alijua mtu husema lini.

"Usikate," akasema. "Hebu niisikilize tena kidogo."

Akaisogeza ndoo karibu. Akavuta kamba kwa nguvu zake zote.

Kijana alimtazama kwanza kama asiyeelewa, kisha akaelewa. Akaanza upya. Mzee hakusikia hata neno, ila aliiona midomo ikikutana mara mbili, ikakutana tena, ikimtaja mama. Naye akafungua kinywa chake. Akamwambia yote: kwamba kosa la kutokuja si lake, ni yeye baba aliyemkataza, kwamba mama alimuulizia mpaka pumzi ya mwisho na hakumlaumu, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Sauti yake mwenyewe hakuisikia. Mama Pacha alichungulia ukutani kugomba juu ya nguo zake, akamwona mzee wa watu analia mbele ya ndoo, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wao akarudi chini bila neno.

Wakasema wote kwa pamoja, hakuna aliyemngoja mwenzake, mpaka petroli ikaisha. Mashine ilikata ghafla, na sauti ya kijana ikabaki peke yake uani.

"...najua hata kaburi lake siwezi kulitambua, baba, mpaka unioneshe."

Akakatiza hapo, amenaswa. Huko aliko, mtu alimwita kwa hasira, mara moja, mara mbili, naye hakugeuka.

Mzee akapiga magoti kwenye nyasi, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Nakusikia."