Baridi ya Duka la Mutayoba

Fundi Machibya hakufungua hata skrubu moja. Alisimama uani kwa Evelina, pale mtaani Mirongo, mikono mfukoni, akaitazama mashine ya nje ya kiyoyozi, akatingisha kichwa.

"Kompresa imekufa, mama. Milioni moja na laki nne, pamoja na ufundi."

"Umejuaje na hujafungua?"

"Uzoefu."

Damu ilimpanda Evelina kichwani. Kiyoyozi hicho kilikuwa cha chumba cha mbele, alichompangisha Mutayoba, mwenye duka la dawa. Kodi ya chumba hicho ndiyo iliyomlisha tangu afiwe na mumewe. Jana mkaguzi wa maduka ya dawa alipita, akakuta joto, akatoa amri: akirudi leo jioni hali ikiwa ileile, anafunga duka.

"Mama, nikifungiwa nahama," Mutayoba, aliyesimama kando yao, alisema kwa upole. "Dawa zinaharibika."

"Na huyu fundi umemtoa wapi?"

"Namba kanipa mkaguzi mwenyewe. Kasema nisitumie mwingine."

Evelina akaelewa. Wizi mtupu, tena wa mchana kweupe.

"Toka uani kwangu," alimwambia Machibya.

"Utaniita tu, mama," Machibya akajibu, akaondoka taratibu akibonyeza simu yake.

Wiki hiyo wadudu wa ziwani walikuwa wameingia mjini kwa mawingu, kila nyumba ikiwafagia madirishani. Evelina alizunguka nyuma ya ile mashine na kukuta wameganda, tabaka nene jeusi, hata upepo usingepenya. Akazima umeme kwenye swichi kubwa, akavuta mpira wa maji, akaanza kuosha huku akitukana peke yake. Uchafu ulishuka hadi mtaroni ukinuka shombo.

"Milioni nzima! Kwa wadudu!"

Mashine ilipokauka, akawasha. Baridi ikatoka. Mutayoba alicheka hadi akapiga makofi, lakini Evelina hakucheka. Aliwaza wajane wangapi wameshalipia kompresa zilizokuwa nzima.

Jioni mkaguzi akaja. Hakukitazama kipimajoto cha ukutani.

"Risiti ya fundi iko wapi?"

"Hakuna risiti. Nimeosha mashine mwenyewe, na baridi si hii unaisikia?"

"Mama, mimi sifanyi kazi kwa kusikia. Bila risiti ya fundi tunayemtambua, kwangu bado ni mbovu."

"Huyo mnayemtambua ni Machibya?"

Mkaguzi alivuta stuli, akaketi chini ya kiyoyozi, akatoa karatasi na kuandika huku akijisomea kwa sauti: duka linafungwa kwa sababu ya joto kupita kiasi. Bibi Tereza, aliyekuja kuchukua dawa yake ya presha, alijifunika kanga mabegani, akamtazama kwa mshangao. Mutayoba alianza kushusha dawa na kuzipanga kwenye maboksi.

Mkaguzi alifunga kifungo cha juu cha koti. Akapuliza vidole vyake, akaandika tena, akasimama.

"Mama, hebu punguza hicho kidude. Baridi inaniumiza kifua."

Evelina alichukua rimoti kaunteni. Akabonyeza na kubonyeza hadi namba ikagoma kushuka, kisha akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Maliza kwanza kuandika hilo joto lako."