Bakshishi ya Meza ya Nne

Pale mgahawani walimwita Umeme, na jina hilo hakulipata bure. Meza sita alizimudu peke yake, sahani tatu mkono mmoja, na hakuna mteja aliyewahi kunyoosha shingo kumtafuta. Sasa mtu akuambie kwamba mchana ule Umeme alimkalisha mteja nusu saa bila hata maji ya kunywa! Ungebisha mpaka ukauke koo.

Lakini mteja mwenyewe alikuwa baba yake.

Aliingia na mke na watoto wawili waliovaa sare za shule, wakaketi meza ya nne, karibu na dirisha. Umeme alipowapelekea orodha ya vyakula, yeye na mzee wakatazamana. Miaka kumi na miwili bila kuonana si mchezo, lakini binti alikuwa amefanana naye chapa: paji lile lile, mwanya ule ule. Mzee akainamia orodha haraka, utadhani anatafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Dada, tuletee soda nne kwanza," akasema.

Dada! Haya bwana. Umeme akageuka, akashika njia ya jikoni. Hakutaka makubwa, jamani. Hakutaka kukumbatiwa wala kuombwa radhi. Alitaka neno moja tu mbele ya yule mwanamke: huyu ni binti yangu. Na kama hilo lilikuwa zito, basi hata amkaripie, kama mzazi anavyomkaripia mwanawe aliyeharibu kazi. Akaamua kumtafutia sababu.

Soda akazileta baada ya nusu saa, tena zina joto. Supu akaiacha kwenye dirisha la jikoni mpaka ikafanya utando. Mke aliagiza kuku, akaletewa samaki. Alipolalamika akajibiwa, "Ndicho kilichopo," na Umeme akaondoka zake. Uma wa mtoto ulipoanguka, aliuruka akapita.

Mpishi akamchungulia. "Wee, umeamkia upande gani leo? Unataka tufukuzwe wote?"

Aliyewaka ni mke. "Hii ni huduma gani? Nikuitie meneja wako?"

Umeme alisimama mikono nyuma, macho kayakaza kwa mzee. Sema basi. Nigombeze.

"Achana naye," mzee akamwambia mkewe, huku akikata nyama. "Tule twende."

Walipomaliza, aliweka pesa ya chakula kwenye kisahani, kisha akaongeza noti mbili kubwa, zile ambazo Umeme huzishika mwisho wa mwezi tu. Mkewe akaruka.

"Bakshishi yote hiyo? Kwa huduma hii? Mimi nisingempa hata senti!"

"Namwonea huruma tu," mzee akasema bila kuinua uso. "Ni mtoto wa watu."

Umeme alikuwa hatua moja nyuma yake, tambara mkononi. Alilisikia kila neno. Mtoto wa watu! Mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu ndiye anasema hivyo, tena bila kigugumizi! Alitaka azichukue zile noti azichovye kwenye mchuzi uliobaki, kisha amkabidhi. Lakini meneja, ambaye harufu ya noti huinusa akiwa ofisini, alikuwa keshafika.

"Mshukuru mteja," akamwambia, meno yote nje.

"Asante," Umeme akasema. Sauti ilimtoka kavu. "Karibuni tena."

Mzee alitangulia mlangoni, akawaacha watoto wakihangaika na mikoba yao.

Sasa, bakshishi ya pale haikuwa na mwenyewe. Yote ilitiwa kwenye bakuli la kaunta, na zamu ikiisha meneja aliigawa mafungu sita, sawa kwa sawa: wahudumu, wapishi na muosha vyombo. Siku ile mafungu yalinona. Mpishi alicheka mpaka gego likaonekana.

"Kumbe dawa ni kuwahudumia vibaya! Umeme, kesho rudia hivyo hivyo!"

Wakaangua kicheko wote. Umeme alipokea fungu lake, akalikunja, akalitia mfukoni. Muosha vyombo, aliyeshinda jikoni na hakumwona yule mzee hata kisogo, alipata sawasawa na yeye.