Ngazi Ilipoacha Ukuta

Swali la nne Nafisa alikuwa amelimaliza. Angekuwa kama wenzake wa mwaka wa pili pale chuoni Kibabii, angefunga kitabu akaingia jikoni kumsaidia mamake kukunja sambusa. Lakini alibaki amekaa kwenye mkeka, kalkuleta mkononi, anaitazama kama mtu aliyetukanwa.

Swali lilikuwa la kawaida. Ngazi ya mita tano imeegemezwa ukutani. Mtu anauvuta mguu wa ngazi utoke ukutani kwa mwendo usiobadilika, mita moja kila sekunde. Je, ncha ya juu inateremka kwa kasi gani wakati imebakisha mita tatu kufika chini? Nafisa alipata mita moja na theluthi. Shafi, rafiki yake wa darasani, alipata hivyo hivyo kutoka kwa simu yake bila kushika kalamu.

Kilichomkera Nafisa ni alichokifanya baadaye, kwa kucheza tu. Badala ya mita tatu aliweka mita moja. Kasi ikapanda. Akaweka sentimita moja: mita mia tano kwa sekunde. Ngazi ya mbao, inayovutwa na mtu anayetembea pole pole, inaipita ndege ya abiria! Akaweka sufuri, na kalkuleta ikakataa kabisa.

Alimpigia Shafi.

"Namba nne si ushapata?" Shafi alisema. "Basi wachana nayo, bana. Hawajauliza ya sentimita moja."

"Lakini ngazi itafika chini, Shafi. Lazima ipite hapo kwa sentimita moja. Sasa inapitaje?"

"Inaanguka tu. Ngazi ni ngazi."

Jibu hilo halikumtosha. Aliingia kwenye kundi la WhatsApp ambamo wanafunzi wa vyuo vya huku magharibi waliulizana maswali ya hesabu na fizikia. Mle ndani mlikuwa na Mwalimu Agneta wa Kitale, aliyewahi kufundisha fizikia sekondari. Alikuwa mwema lakini na sharti moja gumu: hakutaka picha ya swali wala maandishi. "Nisomee," alikuwa akisema kila mara. Wanafunzi walinung'unika. Utasomaje kwa mdomo hesabu iliyojaa mabano na vipeo? Wengi waliamini anawapima kama wameelewa au wanataka kunakili.

Nafisa alimsomea swali lote kwa ujumbe wa sauti, kisha akamweleza yale ya sentimita moja. Baadaye kidogo sauti ya mama mtu mzima ikaja, tulivu, yenye kicheko kwa mbali.

"Nimekusikia, binti yangu. Hesabu yako haina makosa. Sasa na mimi nikuulize. Nani alikwambia ngazi bado inagusa ukuta?"

Nafisa aliisikiliza tena na tena. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amechora pembetatu, ngazi ikiwa upande mmoja, ukuta upande wa pili, na pembetatu ile ikaendelea kuwa pembetatu kwa sababu ameichora yeye.

"Inaachia wapi?" aliuliza.

"Sijui," Agneta alijibu. "Hata mimi sijawahi kuiona. Hapa kwetu kuna ngazi. Ukipata nafasi, njoo."

Nafasi aliipata Jumamosi. Shangazi yake Fadumo ana duka la vitambaa Kitale, na mamake alikuwa na mzigo wa leso wa kumpelekea. Nafisa akajitolea kabla hajaombwa. Alipita Kamukuywa ukungu wa Mlima Elgon ukiwa bado haujainuka, akafikisha mzigo, akanywa chai ya shangazi kwa haraka isiyo ya adabu, kisha akapanda boda hadi nje kidogo ya mji.

Lango lilifunguliwa na mwanamume aliyevaa ovaroli lenye madoa ya rangi. Alikuwa Hillary, mdogo wake Agneta, fundi wa kupaka nyumba rangi.

"Wewe ndio ule wa ngazi?" aliuliza. "Karibu. Lakini mimi sielewi. Ati munataka niiangushe ngazi yangu kwa kusudi?"

Agneta alikuwa kibarazani. Alisimama aliposikia nyayo, akanyoosha mkono kwa salamu, na mkono ule ukaenda kushoto kidogo ya pale Nafisa aliposimama. Ndipo Nafisa alipoelewa. Aliusogelea mkono akaushika kwa mikono yake miwili.

"Presha ya macho," Agneta alisema, kama anayetaja hali ya hewa. "Ilianza pole pole, ikamaliza kazi. Kwani hamkujua huko kwenye kundi?"

"Hapana, Madam. Tulidhani unatupima."

Agneta alicheka mpaka akashika nguzo. "Wacha waendelee kudhani. Nimegundua mtu akisoma swali kwa sauti, nusu ya shida inaisha kabla sijasema neno."

Hillary aliiegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, ukuta aliokuwa ameupaka rangi ya maziwa mwezi uliopita. Ilikuwa fupi kuliko ile ya swali, kama mita tatu. Sakafu ya saruji waliimwagia maji ya sabuni ili miguu iteleze. Kamba ikafungwa chini. Kazi ya Nafisa ilikuwa kurekodi kwa simu, na kazi ya Hillary kuvuta akirudi nyuma kwa mwendo mmoja, bila kukimbia, bila kusita.

Mara ya kwanza kamba ilifunguka na Hillary akakaa kitako kwenye sabuni. Mara ya pili ngazi ilianguka vizuri, kwa kishindo kilichowatawanya kuku. Nafisa akaiinamia simu, akatazama video. Ilionyesha mgongo wa Hillary, toka mwanzo hadi mwisho.

"Sikuona kitu," alisema kwa uchungu. "Ilikuwa haraka mno."

"Mimi nimesikia," Agneta alisema.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, kichwa amekiinamisha.

"Ilikuwa inakwaruza ukuta. Krrrr. Halafu ikanyamaza. Kisha ndio ikapiga chini. Hapo katikati palikuwa kimya. Kidogo sana, lakini kilikuwepo. Hillary, rudia."

Hillary aliguna, akairudisha ngazi. Safari hii Nafisa hakushika simu. Alifumba macho. Alisikia mkwaruzo ukianza taratibu, ukipanda sauti, na ghafla haukuwepo. Kukawa na utupu mdogo, kama pumzi ya mtu anayetaka kusema jambo. Kisha kishindo.

"Nimeisikia!" alipiga kelele. "Madam, nimeisikia!"

"Nipeleke ukutani," Agneta alisema.

Nafisa alimshika mkono. Agneta alipapasa rangi, akapata mchirizi ulioachwa na ncha ya ngazi, akaufuata kwa kidole kuelekea chini, pole pole. Kidole kilishuka usawa wa kifua, kikashuka tena, na karibu na kiuno kikasimama. Chini ya hapo ukuta ulikuwa laini.

"Hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Imeachia hapa."

"Rangi yangu," Hillary alisema, lakini naye alikuwa ameinama kutazama.

Walirudi kibarazani na karatasi. Agneta hakumpa jibu. Alimuuliza maswali.

"Ukuta unaweza kuisukuma ngazi?"

"Ndiyo."

"Unaweza kuivuta?"

Nafisa alifikiri. "Hapana. Hauna gundi."

"Basi ile hesabu yako, kadiri ngazi inavyoshuka, inataka ncha iongeze mwendo kiasi gani?"

Nafisa aliandika. Kila hatua aliisoma kwa sauti, na mara mbili akajikamata mwenyewe amekosea ishara kabla Agneta hajafungua mdomo. Mwishowe akaona. Kuna kimo ambacho, chini yake, hesabu ya pembetatu inaitaka ngazi ishuke haraka kuliko uzito wake unavyoweza kuishusha. Ili kuitii, ingebidi ukuta uivute. Ukuta hauwezi. Basi inaachia, na pembetatu inakufa hapo hapo. Alipoweka urefu wa ngazi ya Hillary na mwendo aliouvuta, kimo kilitokea karibu kabisa na mwisho wa mchirizi, tofauti ya kama upana wa kiganja.

"Hicho kiganja ni cha nini?" Agneta aliuliza.

"Labda Hillary hakuvuta sawasawa."

"Musinisingizie," Hillary alijibu kutoka uani, alikokuwa anaipangusa ngazi yake.

Wiki iliyofuata Nafisa aliwasilisha kazi yake, na nyuma ya swali la nne akaambatisha ukurasa mmoja ambao hakuna aliyeuomba. Mhadhiri wao, Bwana Cheruiyot, alimpa alama zile zile alizompa Shafi. Lakini baada ya kipindi alimwita, akaweka kidole kwenye ule ukurasa.

"Hili swali nalitoa kila mwaka," alisema, "na sijawahi kuteremka chini ya mita tatu. Hiki kimo umekipataje?"

Alimweleza yote: sabuni, mkwaruzo, kimya, kidole cha Agneta. Bwana Cheruiyot alisikiliza bila kutabasamu, kisha akauliza, "Lakini umechukulia ukuta unateleza. Rangi ile ilikwaruzika. Kama ukuta una msuguano, kimo kinapanda au kinashuka?"

Nafisa aliliandika swali hilo kando ya ukurasa. Alitoka nje, akasimama kando ya njia wanafunzi wakimpita, akabonyeza simu na kuanza kumsomea Agneta swali jipya, taratibu, neno kwa neno.