Kopo Lisilofunguliwa

Mke wangu Agnela ana kisukari, na daktari amemkataza wanga. Alitaka kuoka mikate ya unga wa protini usio na ladha, nami nikaenda kuununua dukani Kimandolu.

"Mzee wangu, hii ni protini tupu," akasema Twahir, mwenye duka.

"Koroga kijiko kimoja kwenye maji ya moto," nikamwambia.

Akacheka, akachota kwenye kopo la kuonyeshea wateja, akamimina maji kutoka chupa yake ya chai. Ukaganda mabonge mabonge. Ungekuwa wa mahindi, ungekuwa uji laini.

"Umeridhika, baba?"

"Bado. Koroga na wa kopo hili jipya unalonifungia."

"Nikilifungua nani atalinunua?"

"Mimi, ukiganda kama huo." Mwaka themanini na nne walanguzi walituonyesha gunia moja la mbolea safi, tukabeba ishirini ya majivu hadi Usa River. Sijasahau.

Akafungua kwa kusitasita, akakoroga. Kikombe kikawa kizito, laini, kikinukia mahindi.

"Hata mimi niliuziwa hivihivi, mzee."

"Basi nipe jina la aliyekuuzia, na makopo yote yashuke kutoka rafuni. Nasubiri."

Agnela nilimpelekea trei ya mayai. Yai hawajajua bado kulichakachua.