Uso wa Kutazamwa Mtaroni

Mchoraji alikuwa mbishi tangu tumboni. Mama yake husema alizaliwa akitanguliza miguu kwa ukaidi tu. Lakini siku hiyo aliposhuka kutoka kwenye jukwaa la mabomba alilopandia ukutani, akasimama mtaroni kutazama kazi yake ya wiki tatu, alikaribia kukata tamaa. Kule juu ukutani alikuwa amechora sura ya mama yake hasa. Huku chini mtaroni vilionekana kidevu na matundu ya pua, paji la uso halipo.

"Ukuta mrefu huu," alisema fundi jukwaa, mtu wa maneno mengi, aliyetakiwa kulifungua jukwaa lake kesho alfajiri. "Ukitazama kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye viti vya wageni wa uzinduzi wa kesho, yuko sawa kabisa. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama hakai ng'ambo ya barabara."

Kweli hakai. Mtaro ule ameufagia miaka ishirini na sita, mpaka mgongo umepinda, na mwezi ujao anastaafu. Ofisa wa manispaa naye alishatamka: kesho ataikagua picha akiwa kitini, na isipompendeza, inapakwa chokaa. Mchoraji aliyajua yote hayo. Akapanda tena, akachukua brashi pana, akaupaka uso wote rangi nyeupe.

Alipiga upya miraba ya kupimia mchoro, safari hii kila mraba wa juu ukiwa mrefu kuliko ulio chini yake, ili jicho la aliye mtaroni liupunguze lenyewe urefu ule. Fundi jukwaa alipompandishia maji ya kunywa, aliguna.

"Dada, mama wa watu umempa kichwa kama papai!"

"Shuka mtaroni, kisha useme."

Fundi alishuka, akainua kichwa, akatazama. Halafu akaanza kupiga kelele: "Ongeza paji! Kidogo! Hapo hapo!" Wakaenda hivyo hadi jioni, mmoja akipaka, mwenzake akifoka.

Asubuhi ofisa aliketi, akatazama, akakunja uso. "Sura gani ndefu hivi? Leteni chokaa."

Mchoraji hakurudi nyuma hata hatua moja. "Mheshimiwa, hii haitazamwi kutoka kitini. Inatazamwa kutoka pale."

Akanyoosha kidole mtaroni. Mama yake alikuwa anafagia kama siku zote, maana alikataa katakata kukaa na wageni, na juu hajatazama bado.

Ofisa aliangalia huku na huku. Wageni wote walikuwa wamemkodolea macho. Iwe aibu, iwe udadisi, kitu kilimwinua. Akavuka barabara, akashika suruali magotini, akashuka mtaroni na kuinua kichwa. Kutoka pale uso ulikuwa sawa kabisa, paji na yote. Wageni nao wakaanza kuvuka mmoja mmoja, na kibarua aliyekuwa ameleta ndoo ya chokaa akaiweka chini.

Mama alikuja akifagia mpaka kwenye viatu vya ofisa, akasimama.

"Sogea kidogo, baba," alimwambia. "Hapo ulipo ni mahali pangu."

Ofisa akasogea upesi. Mama akaegemeza ufagio ukutani, akashika kiuno, akanyoosha mgongo taratibu, akatazama juu.