Mstari wa Miaka Kumi hadi Kumi na Minne

Mke wangu Triza aliiandika barua ile mara tatu kabla ya kuridhika nayo. Mimi nilikuwa kwenye kochi, hapa kwetu Makongeni, nikijifanya nasikiliza redio. Alikuwa anaiomba ofisi ya afya impe idadi ya watu waliokufa kwa korona mwaka wa 2020 katika sehemu yetu ya Nairobi, wakigawanywa kwa umri. Alikuwa amesikia kanisani kwamba sheria inampa mwananchi haki ya kuuliza, na kwamba ni lazima ajibiwe ndani ya siku ishirini na moja.

"Baba Annah, unaona nitaje miezi, ama mwaka wote?"

"Andika unavyotaka," nikamjibu kwa ukali, kana kwamba barua ndiyo iliyonikosea.

Annah alikuwa mtoto wetu wa pekee. Alikufa Agosti ya mwaka huo akiwa na miaka kumi na miwili, mama yake akiwa amefungiwa karantini na homa yake mwenyewe. Triza hakumvisha, hakumlilia mbele ya jeneza, hakumwona akishushwa kaburini. Alipotoka alikuta kila mtu ana jibu tayari: mtoto ameuawa na pumu, na mtoto wa pumu hafi hivi hivi ila mama awe mzembe. Mama yangu mzazi aliyasema hayo mbele ya watu. Dada yangu Millicent akaongeza kwamba Triza alikuwa akienda kuuza mitumba Gikomba na kumwacha mtoto bila dawa. "Korona haikuua watoto," akasema. "Si mlisikia ni wazee tu?"

Triza aliujua ukweli. Muuguzi wa karantini alimwambia kuwa kipimo cha Annah kilionyesha korona. Lakini neno lake lilikuwa peke yake dhidi ya ukoo mzima, ndiyo maana alitaka karatasi yenye muhuri wa serikali. Alitaka amwonyeshe Millicent mstari wa watoto, amwambie: mmoja wao ni wangu.

Sasa niseme nilichokijua mimi, na ambacho Triza hakukijua.

Kipimo kilipotoka, Annah alikuwa na siku mbili mochari. Wakati ule aliyekufa kwa korona alizikwa haraka haraka na watu waliovaa mavazi meupe, ndugu wakisimama kando, na kaburi likinyunyiziwa dawa kama zizi. Sisi watu wa Khwisero, kule mashambani magharibi, hatuzikani hivyo. Mtoto hulala nyumbani kwao usiku wa mwisho, bibi yake akamgusa, watu wakamwimbia hadi sauti zikakauka. Nilimfuata daktari kijana aliyeitwa Bedan, nikapiga magoti kwenye saruji ya korido. Nikamwambia kwamba Annah aliwahi kubanwa na kifua alipokuwa mdogo. Hilo halikuwa uongo. Alikuwa na miaka mitatu, na alipona. Bedan akaandika: pumu.

Nilimzika binti yangu vizuri. Watu walijaa boma. Mungu anisamehe, niliyaonea fahari mazishi yale.

Nilidhani uongo wangu ungebaki Nairobi, kumbe ulisafiri na jeneza. Naibu wa chifu alisoma kibali cha mazishi kwa sauti, akafika kwenye neno pumu, na mama yangu akauliza mkaza mwana wake alikuwa wapi mtoto akikosa pumzi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mwanzoni niliogopa kushtakiwa. Baadaye niliona aibu. Baadaye nikazoea, na hilo ndilo baya zaidi. Tunaambiwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka minne, na wallahi ningeendelea kuitembea.

Siku ya kumi na tisa Triza alipigiwa simu akachukue majibu. Nilimsindikiza. Karani wa pale, Lydiah, alikuwa msichana mwenye adabu.

"Mama, hii ndio ile uliuliza. Nimekupangia kutoka watoto hadi wazee, isikusumbue kusoma."

Triza akashukuru, akaitia bahasha kwenye mkoba bila kuifungua. Nyumbani alifuta meza kwanza, ingawa ilikuwa safi, akavaa miwani, akaikunjua karatasi. Kidole chake kikashuka polepole hadi kwa wazee, ambako nambari zilikuwa kubwa, kikapanda tena. Miaka kumi hadi kumi na minne. Sifuri.

Aliigeuza karatasi atazame nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Basi ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Kama hayuko hapa, basi Millicent alisema kweli. Pengine yule muuguzi alichanganya majina. Nilimwacha mtoto bila dawa, Baba Annah. Nilimuua."

Miaka minne ukoo wangu wote ulishindwa kumfanya Triza ayaamini maneno hayo. Sifuri yangu iliweza kwa dakika moja.

"Hukumuua," nikasema. "Ni mimi niliyemtoa hapo."

Nikamweleza yote, korido, magoti, neno lile. Hakulia, na nilitamani sana alie. Niliutazama ule mstari mtupu nikajiuliza ni akina baba wangapi wa Makongeni na Buruburu waliopiga magoti kama mimi.

"Mama yako alipokuwa anakufa mwaka juzi," Triza akasema mwishowe, "wewe ndiye ulikuwa umemshika mkono. Hata hapo hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Alikuwa anakataa uji wangu. Mpaka siku ya mwisho nilimkorogea, akaukataa."

Nilikuwepo. Nilikuwa nikiuchukua uji ule mikononi mwa Triza na kumwambia kwamba mama hana hamu ya chakula.

Akaivua miwani, akaisukuma simu yangu upande wangu wa meza.

"Mpigie Millicent. Weka sauti nisikie."

Ilikuwa Jumanne saa tano asubuhi. Dada yangu hufanya kazi kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, na sijawahi kumpigia saa za kazi ila kwa msiba. Simu iliita mara moja tu. Nyuma yake mashine zilikuwa zikinguruma.

"Kaka, kuna nini? Kuna mtu ameaga?"

Nilimtazama Triza. Alikuwa ameweka kidole kwenye ile sifuri.

"Ndiyo," nikasema. "Annah. Ameaga kwa korona."